Jiko la Umeme, Moja

Katika daftari la mali ya serikali, amplifaya bora kuliko zote kisiwani Unguja iliandikwa hivi: "Jiko la umeme, moja, zito, halina sufuria." Nilikuwepo lilipoandikwa. Ilikuwa mwaka 1964, na kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa ilikuwa kushika pembe moja ya jiko hilo na kulishusha ngazi za nyumba moja ya Shangani ambayo mwenyewe alikuwa amesafiri, kama tulivyokuwa tukisema siku zile kwa adabu.

Mwezi uliopita nilistaafu, na nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi. Nadhani mlitaka historia ya vyeo. Vyeo vyangu vimo ndani ya faili, na faili limeliwa na mchwa, kwa hivyo tuseme nilifika juu kabisa. Mimi nitaandika habari ya mashine moja, na ya mtu aliyenifundisha kuishika, na ya kamati iliyokaa kuamua kama mashine hiyo ibadilishwe. Mambo mengine ya kazi mtayapata kwenye semina, ambako pia kuna chai na sambusa.

Karani aliyetumwa kuandika mali ya nyumba ile alikuwa mtu makini. Alikuwa ameshaandika makochi, kitanda cha samadari na kioo kirefu, akafika kwenye sanduku la chuma lililokaa peke yake juu ya meza ya mpingo. Akalichomeka kwenye umeme. Baada ya muda chupa nane za kioo zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, na bati la juu likapata moto. Akaweka kiganja, akakiondoa haraka, akaandika. Mimi nilikuwa najua kusoma, nikamweleza kwa heshima kwamba nyuma pameandikwa mambo ya sauti, upande wa kushoto na upande wa kulia. Akaniuliza nimeajiriwa kusoma au kubeba. Nikabeba.

Chini mlangoni alikuwa akitungoja mtu mfupi mwenye kofia ya viua na kalamu mbili mfukoni. Huyu ndiye Mzee Ame. Asili yake Tumbatu, lakini alikuwa amekaa mjini miaka mingi akiendesha mashine za sinema, na sasa alikuwa amekabidhiwa karakana mpya ya vipaza sauti, yaani chumba kimoja Mkunazini chenye meza, kiti na dirisha lisilofungika. Alichutama palepale uchochoroni, akalifunua sanduku, akachungulia ndani.

"Nani kasema hili jiko?" aliuliza.

"Karani, Mzee."

"Basi na liwe jiko. Jiko hakuna mkubwa atakayelitaka nyumbani kwake."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la kazi, nami sikulielewa. Alijua kwamba ameshika amplifaya ya sauti ya pande mbili, aina ambayo tajiri aliagizia ng'ambo ili asikilize nyimbo za Misri sebuleni kwake, na kwamba haikuwako ya pili kisiwani. Zile chupa zinazowaka ni vali. Vali nne zilikuza sauti ya kushoto na nne ya kulia, kila upande na spika zake, hata ukifumba macho unajua fidla imekaa wapi na ganuni imekaa wapi. Vitu vizuri vyote vilivyoandikwa majina yao ya kweli mwaka ule tulivisikia baadaye vikilia katika nyumba za watu. Jiko letu lilibaki kwetu.

Siku ya pili nilifika saa moja na nusu asubuhi, tayari kufundishwa. Mzee Ame alinitazama suruali, akanirudisha nyumbani. Haikuwa na mfuko wa kushoto. Nikaenda kwa fundi cherehani, nikashonewa, nikarudi adhuhuri imeshapita. Ndipo akanieleza kwamba ndani ya mashine ile mna umeme unaokaa hata baada ya kuzimwa, na kwamba mtu akiingiza mikono yote miwili, umeme huingia kwa mmoja, hupita kifuani, hutokea kwa mwingine. "Kwa hivyo mkono mmoja unafanya kazi, mmoja unautia mfukoni. Huna mfuko, huna kazi." Siku hizi mnapewa glavu, buti na cheti cha usalama. Mimi nilipewa mfuko, na bado niko hai.

Miaka ile mashine ilikuwa na kazi mbili. Siku za taarabu ilikaa ukumbini, kwenye jukwaa la kikundi kimoja cha mjini. Siku za mikutano ya hadhara ilipakiwa garini pamoja na jenereta, ikapelekwa shamba, watu wakaelezwa mambo wanayotakiwa kuyafurahia. Kwa taarabu ilikuwa imezaliwa. Kwa mikutano ilikuwa anasa, kwa sababu kiongozi akisema huhitaji kujua kama yuko kushoto au kulia.

Kikundi cha taarabu kilikuwa na mlezi wake, Bi Zuwena, mwanamke mrefu wa makamo ambaye hata wapigaji wenye mvi walimwamkia. Kabla ya kila onyesho alikuja na chetezo chake cha udongo, makaa yamewiva, akatia ubani na udi, akaufukiza ukumbi mzima. Alianza na viti vya mbele, akaenda kwa wapigaji mmoja mmoja, akamalizia kwa amplifaya. Huko hakuwa na haraka. Alikiweka chetezo chini ya matundu ya hewa, akalifunika sanduku zima kwa kanga, moshi ukaingia wote ndani, huku akisoma anachosoma. Kulikuwa na kikundi kingine mjini, na Bi Zuwena aliamini kwamba watu wake wanaitazama mashine yetu kwa jicho lisilo zuri. Sina hakika kama alikosea.

Nyinyi ni mafundi, mnajua moshi wa ubani unafanya nini. Ni utomvu. Ukipoa huganda, na ukiganda ndani ya soketi ya vali, miguu ya vali haikamati sawasawa, umeme unarukaruka, na spika inakwaruza. Mimi nililijua hilo katika mwaka wangu wa kwanza, nikamwuliza Mzee Ame kwa nini asimwambie Bi Zuwena aache.

"Mtu anakuombea dua kwa ubani aliotwanga mwenyewe," alisema, "utamwambia nini? Kwamba dua yake inanata?"

Kwa hivyo hakumwambia. Badala yake kila Jumamosi asubuhi alizichomoa vali zote nane, akazipanga juu ya kitambaa, akasafisha soketi tundu moja moja kwa spiriti. Kifaa chake hakikutoka dukani. Kilikuwa kijiti cha wanja cha marehemu mkewe, cha shaba, chembamba, alichokizungushia uzi wa pamba kwenye ncha. Kazi ilichukua saa mbili. Alipomaliza alipiga bismillahi, akawasha, akakaa kusikiliza kimya cha spika. Mashine ikiwa nzima, kimya chake ni safi, hakuna mchanga ndani yake. Nimefanya kazi na vipimo vya kila namna tangu wakati ule, vingine vina taa na namba, na bado sijaona kilichoishinda shingo ya Mzee Ame alipokuwa ameiinamisha upande.

Kazi nyingine ilikuwa kusoma rangi. Ndani ya mashine mna vipande vidogo vyenye mistari, na kila rangi ina hesabu yake. Mzee Ame aliniita karibu, akaelekeza kidole. "Nisomee rangi, Makame, upate kujua." Nikasoma kahawia, nyeusi, njano. Akaitikia kwa kichwa. Mwanzoni aliniita mara mojamoja. Baadaye ikawa kila siku, na ikawa si rangi tu, ni barua za ofisini, ni namba ya nyumba, ni jina la basi. Nilijiona mwanafunzi mwenye bahati, maana wenzangu kwenye karakana nyingine walikuwa wakifundishwa kufagia.

Mwishoni mwa miaka ya sitini tukaletewa zawadi. Nchi moja rafiki ilituletea amplifaya mpya, ya transista, isiyo na vali hata moja, nyepesi, rangi ya fedha, imelala ndani ya sanduku la mbao pamoja na kitabu chake. Kitabu kilikuwa kinene na kizuri sana. Kiliandikwa kwa lugha ambayo kisiwani petu aliijua mgeni mmoja tu, naye alikuwa daktari wa meno. Ndugu Mwinyi, mkuu wetu wa sehemu, aliiweka ofisini kwake chini ya kitambaa cha kufuma. Ndugu Mwinyi alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mkubwa, na hakuna karatasi aliyoiacha bila kuisoma mpaka mstari wa mwisho, kwa hivyo kazi zake zilichelewa lakini hazikupotea. Alisema tutaitumia mpya siku ya zamani itakapochoka. Ya zamani ikachoka Kiwengwa.

Siku zile watu wa Kiwengwa walikuwa bado wanaruhusiwa kukaa kwenye ufukwe wao bila kuulizwa chumba namba ngapi. Palipangwa mkutano mkubwa, anakuja kiongozi. Asubuhi kabla hatujapakia, Bi Zuwena alikuja Mkunazini na chetezo, akaifukiza mashine mara mbili, kwa sababu inakwenda mbali. Tukafika, tukatundika spika kwenye minazi, tukawasha jenereta, na kiongozi akapanda jukwaani. Alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba maadui wetu wamekwisha kabisa, hawana tena sauti. Spika ya kushoto ikapiga mlio kama bunduki.

Safu ya mbele yote ililala chini. Walinzi wa kiongozi wakamlalia yeye. Mzee mmoja wa kijiji akabaki amesimama, wakasema ni shujaa, kumbe hasikii. Baada ya kitambo ikaeleweka kwamba ni spika, kila mtu akainuka akajikung'uta mchanga, akacheka kwa kipimo. Kiongozi hakucheka. Tulirudi mjini garini tukiwa na watu wawili tusiowajua, waliovaa miwani ya jua, ambao hawakuivua hata tulipoingia karakanani kusiko na jua. Waliuliza maswali mepesi. Nani ameishika mashine leo? Nani aliishika jana? Mmoja wao alikuwa na daftari dogo, na neno la kwanza aliloandika nililisoma kutoka upande wa pili wa meza. Aliandika "hujuma".

Kama mmezaliwa juzi, nikuelezeni. Neno lile likishaandikwa, lilikuwa linatafuta jina la mtu wa kukaa nalo. Mzee Ame alikuwa amekaa kitini, mikono juu ya magoti. Alijibu maswali yote kwa ukweli: mashine ni yake, anaisafisha yeye, hakuna mwingine. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi.

Walipoondoka, Mzee Ame akaenda kusali. Nikaifungua mashine peke yangu, mkono wa kushoto mfukoni. Soketi ya tatu ya upande wa kushoto ilikuwa nyeusi tii, imejaa utomvu wa miezi mingi. Nikadhani kwamba Mzee ameacha kusafisha. Nikasogeza taa. Pembeni ya tundu, juu ya bati, palikuwa na mikwaruzo mamia, midogo, myembamba, imepangana. Ni alama za kijiti cha wanja. Alikuwa akisafisha kila Jumamosi kama kawaida, kwa saa mbili zake zote, lakini kijiti kilikuwa kikitua nusu inchi kando ya tundu.

Nilikaa chini. Ndipo nikaelewa kahawia, nyeusi, njano. Ndipo nikaelewa jina la basi. Miaka miwili nilidhani ananifundisha kusoma, kumbe nilikuwa macho yake, na hakuniambia, na mimi mwenye macho mazima sikuona. Nililia pale chini ya meza, na sioni haya kuandika.

Ndugu Mwinyi aliniita ofisini kesho yake. Kamati imeundwa, alisema, watu sita, itakaa wiki ijayo kuamua kama mashine ibadilishwe. Wale wawili wa miwani watahudhuria. Mimi, kama fundi msaidizi, niandike ripoti ya chanzo cha mlio.

"Andika tu imechoka," alisema. "Mpya ipo."

Nikaenda na karatasi yangu. Nikiandika imechoka, mashine inatupwa ghalani, nayo ilikuwa nzima kabisa, ugonjwa wake ni uchafu. Na Mzee Ame anaondoka nayo, kwa sababu alikuwa akibakishwa kazini kwa ajili ya mashine ile tu, na ile mpya asingeweza kuisoma hata kama kitabu chake kingekuwa Kiswahili. Nikiandika kwamba ni nzima, nitaulizwa mlio umetoka wapi. Nikisema ni utomvu, nitaulizwa nani alikuwa wa kuusafisha, na neno la kwenye daftari litapata jina lake. Karatasi ilikaa mfukoni mwangu siku nne, ikatoka jasho kuliko mimi.

Mwisho niliandika mstari mmoja: naomba kamati isikilize mashine zote mbili kabla ya kuamua. Ndugu Mwinyi aliusoma mpaka mwisho, jambo lililomchukua muda mfupi kuliko kawaida yake, akatia saini.

Ijumaa, watu wote walipokwenda msikitini, mimi nilibaki. Nilizitoa vali, nikasafisha soketi zote nane kwa sindano na uzi, kwa sababu kijiti kilikuwa mfukoni mwa mwenyewe. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikafungua dirisha zaidi ya lilivyokuwa limefunguka. Mzee Ame alirudi, nikamwamkia, akaitikia, akasimama mlangoni.

"Hukuonekana msikitini."

"Tumbo, Mzee."

"Tumbo lako linanuka spiriti," alisema. Akaenda kuketi.

Kamati ilikutana ukumbini siku ileile, baada ya Alasiri. Walikaa wajumbe sita kwenye viti vya mbele, na wale wawili ukutani na miwani yao. Wapigaji watatu waliletwa: fidla, ganuni na dumbaki, na mwimbaji mmoja. Bi Zuwena alikuja na chetezo bila kualikwa. Nikamwomba afukize watu kwanza, amplifaya nitamwita. Ndiyo hila pekee ya maana niliyofanya katika utumishi wangu.

Tukaanza na mpya. Ukiiwasha inaitika hapohapo, haina kungoja. Ilipiga vizuri, na hilo liliniudhi, maana nilikuwa nimejitayarisha kuidharau. Sauti ilikuwa safi na imesimama wima. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hii ndiyo maendeleo, mwingine akasema kweli, wa tatu akauliza kama kutakuwa na kahawa.

Kisha ya zamani. Vali zinataka dakika za kupata moto, kwa hivyo nikawasha, kahawa ikaletwa, tukangoja. Mzee Ame alikuwa amekaa kiti cha pembeni, upande wa kushoto, kofia magotini. Spika zikawa kimya, na kile kimya kilikuwa safi. Wapigaji wakaanza wimbo uleule. Nimetafuta miaka mingi namna ya kuandika tofauti yake na sijapata. Ile mpya ilituletea wimbo. Hii iliwaleta watu: fidla iko kule, ganuni iko hapa, mwimbaji kasimama katikati na pumzi yake inasikika kabla ya neno. Yule mjumbe aliyetaka kahawa aliishika mpaka ikapoa.

Wao walikuwa wakimtazama mwimbaji. Mimi nilikuwa nikimtazama Mzee Ame. Shingo ilikuwa imeinama upande wa spika ya kushoto, inatafuta ule mkwaruzo. Haukuwepo. Kichwa kikageuka polepole kunielekea, na ingawa nilijua hanioni, nilitazama chini.

Wimbo ulipokwisha, mwenyekiti akauliza kama fundi ana la kusema. Nikafungua mdomo. Mzee Ame alikuwa ameshasimama.

"Mashine nzima," alisema. "Aliyeharibika mimi. Macho yangu yamefunga ukungu, mwaka wa pili huu. Nnasafisha kando ya tundu, tundu lenyewe silioni. Ule mlio wa Kiwengwa wangu. Leo kijana huyu kaisafisha, na nyinyi nyote mmesikia. Kama mnataka kubadilisha kitu, nibadilisheni mimi. Mashine muiache."

Mmoja wa wale wawili akavua miwani, mara ya kwanza tangu tujuane, na alikuwa na macho ya kawaida kabisa.

"Kwa hivyo unakiri?" aliuliza.

"Nnakiri sioni."

Kalamu ikafunguliwa. Hapo Ndugu Mwinyi akakohoa, akatoa chini ya kiti chake lile daftari kubwa la mali. Alikuwa amekuja nalo, na kurasa zilikuwa na kikaratasi cha alama. Akasoma kwa sauti ya darasani, mpaka nukta.

"Jiko la umeme, moja, zito, halina sufuria. Ndiyo hiyo hapo mezani, namba ni ileile. Mzee huyu anakiri habari za amplifaya. Amplifaya serikali inayo moja tu kwangu, ile mpya, nayo haijatoka mjini tangu ije. Kilichokwenda Kiwengwa, kwa maandishi, ni jiko."

"Ndugu, sote tunaona hili si jiko."

"Mimi naona. Daftari halioni. Sasa kama mnataka kupeleka juu ripoti kwamba mkutano wa mheshimiwa umehujumiwa kwa jiko lisilo na sufuria, mimi nitaitia saini. Majina yenu yaanze, langu litafuata."

Wakatazamana. Ni dhahiri kwamba walikuwa wakiisoma ripoti ile akilini mwao, na kumwona mtu wa kuipokea. Kalamu ikafungwa, miwani ikarudi mahali pake, na baada ya kahawa ya pili walikumbuka kazi nyingine. Kamati nayo ikatoa uamuzi wake, ambao nimeuhifadhi: kwa kuwa amplifaya haiwezi kuchukua nafasi ya jiko, jiko liendelee na matumizi yake ukumbini, na amplifaya mpya itumike mikutanoni. Watu sita walikaa mpaka Magharibi kufikia hapo, na mpaka leo sijaona kamati iliyofanya kazi bora zaidi.

Nje ya mlango Mzee Ame alinitolea kijiti cha wanja. Sikutaka kukipokea. "Chukua," alisema. "Mke wangu alikuwa hapendi kitu kikae bila kazi." Tangu siku ile hakuingiza tena mkono ndani ya mashine. Nilirudi ukumbini, Bi Zuwena alikuwa bado anangoja na chetezo chake, makaa yakienda kufa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nitamwita. Nikalifunua bati mwenyewe ili moshi uingie vizuri. "Karibu, Bi," nikamwambia. Jumamosi nilikaa saa mbili na kijiti.

Mpya ilihudumu mikutanoni mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, ikaugua ugonjwa uliokuwa umeelezwa, nadhani, ukurasa fulani wa kile kitabu. Daktari wa meno alikuwa ameshaondoka. Mzee Ame aliendelea kuja kwenye kila onyesho. Alikaa kiti chake cha kushoto, na tulikubaliana kwamba akisikia mkwaruzo ataniinulia kidole. Miaka yote mpaka alipofariki alikiinua mara moja, na nilipofungua nilikuta kweli, soketi ya sita, kidogo sana. Bi Zuwena hakuambiwa mpaka mwisho, na mashine haikupatwa na jicho la mtu.

Wiki iliyopita mlinialika kwenye onyesho, mkanipa kiti cha mbele. Mna mitambo mipya, ina vioo na taa za buluu, hongereni. Katikati ya wimbo wa pili niliinua kidole. Mmoja wenu akaniona, akakimbia, akarudi na chupa ya maji baridi, akanifungulia na kifuniko. Niliyanywa yote, kwa kuwa mtu akikuletea maji kwa heshima namna ile, huwezi kumwambia kwamba spika yake ya kushoto inakwaruza.

Inakwaruza. Kaitazameni.